Mama mmoja, watoto watatu, hadhi tatu: kisa cha uraia kwenye kisiwa cha Mwingereza huko Karibi

Familia wenyewe wameniruhusu niandike. Majina nimebadilisha, kisiwa sikitaji, na baadhi ya miezi nimeisogeza, ila mpangilio wa matukio na sheria ni vile vile. Mama tutamwita Bi Rehema. Watoto nitawaita kifungua mimba, wa kati na kitinda mimba, maana kwenye kisa hiki nani kazaliwa lini na wapi ndio mambo yote. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya uhamiaji, faili lilinifikia mwishoni mwa 2022, kwa hiyo yaliyotokea kabla ya hapo nimeyapata kwa kuwahoji na kwa kupekua bahasha zao.

Usuli

Bi Rehema ni nesi, mzaliwa wa Mombasa. 2006 akapata kazi hospitali kwenye kisiwa kimoja cha Karibi kilicho chini ya Uingereza. Uingereza bado ina maeneo 14 ya namna hiyo, upande wa Karibi na jirani zake kuna Bermuda, Cayman, Turks and Caicos, Anguilla, Montserrat na visiwa vya Virgin vya Uingereza, na kwingineko kuna Gibraltar, Falkland, St Helena na mengineyo, mengine hayana hata wenyeji. Akaenda kwa kibali cha kazi, mtoto wa kwanza aliyezaliwa Mombasa 2003 akaachwa kwa bibi yake. Mume akafuata baadaye, akapata kazi hotelini.

2009 akazaliwa wa kati huko huko kisiwani, wazazi wote wawili bado wako kwenye vibali vya kuhuisha kila baada ya muda. 2011 kifungua mimba akaletwa akaungana nao. 2017 mama akapewa makazi ya kudumu, mume na watoto wakaingizwa chini yake. 2018 kitinda mimba akazaliwa. Wote watano wana uraia wa Kenya, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa na pasipoti nyingine.

Sheria yenyewe kwa kifupi ili tusipotezane

Sheria mama ni British Nationality Act ya 1981, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1983. Kabla ya hapo kulikuwa na uraia mmoja mkubwa wa Uingereza na Makoloni, sheria ikaupasua mafungu matatu: raia wa Uingereza, ambaye ndiye mwenye haki ya kuishi Uingereza, kisha raia wa maeneo tegemezi, yaani watu wa hivyo visiwa, halafu fungu la tatu la raia wa Uingereza wa ng'ambo, ambao hawakuwa na pa kuegemea popote. Hilo la tatu ndilo walikoangukia Wahindi wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania ambao hawakuchukua uraia wa nchi hizi baada ya uhuru, msilichanganye na hili la visiwa, majina yanafanana lakini mambo ni mbali kabisa.

Kwa nini watu wa visiwa walifungiwa mlango? Ukiniuliza mimi, jibu ni Hong Kong. Ilikuwa na mamilioni ya watu na London haikutaka wapate njia ya kuingia. Falkland wao walipewa uraia kamili kwa sheria yao ya 1983 baada ya vita na Argentina, Gibraltar nao walikuwa na njia yao, wengine wakabaki nje. Hong Kong ikarudi China 1997, na miaka mitano baadaye ikaja sheria ya 2002: kwanza jina likabadilishwa wakaitwa raia wa maeneo ya ng'ambo, halafu tarehe 21 Mei 2002 kila aliyekuwa na hadhi hiyo siku ile akawa raia wa Uingereza papo hapo bila kujaza fomu, isipokuwa wale wenye uhusiano na kambi za kijeshi za Kupro tu.

Hapo kwenye "siku ile" ndipo watu wanapoteleza. Anayepata uraia wa maeneo baada ya 21 Mei 2002 kwa kuomba, kama wageni wanavyofanya, haongezewi uraia wa Uingereza. Anakuwa raia wa maeneo peke yake, na huo peke yake haumpi haki ya kuishi Uingereza, tena haumpi hata haki ya kuishi kwenye kisiwa chenyewe! Haki ya kisiwa inatoka kwenye sheria ya kisiwa, na kila kisiwa kina jina lake: Bermuda ni Bermudian, Cayman ni Caymanian, visiwa vya Virgin vya Uingereza wanasema Belonger. Kwa hiyo ni milango mitatu yenye funguo tatu tofauti, na mtu anaweza kuwa na mmoja akakosa miwili.

Mambo yalivyokwenda

Baada ya makazi ya kudumu 2017, familia wakatulia. Majirani na wafanyakazi wenzake wakawa wanamwambia Bi Rehema kitu kimoja: subiri wewe upate uraia kwanza, halafu watoto wataingia wote kwa pamoja. Ukisikia hivyo unaona ina mantiki kabisa, mama ndiye mzizi. Kumbe sheria haihesabu hivyo.

2019 kulikuwa na harusi ya ndugu huko Uingereza, wakataka kwenda wote. Wakajaza maombi ya pasipoti ya Uingereza kwa ajili ya wa kati, hoja yao ikiwa cheti chake cha kuzaliwa ni cha kisiwani na kisiwa ni cha Mwingereza. Ikarudi barua kwamba hakuna ushahidi kuwa mtoto ni raia. Wakakasirika, na kwa hasira wakahitimisha kwamba kama wa kati si raia basi kitinda mimba pia si raia, wote si wamezaliwa hospitali moja? Wakawachukulia pasipoti za Kenya na viza za kutembelea. Hiyo viza ya kitinda mimba nimeiona kwa macho yangu, stika nzuri kabisa imebandikwa kwenye pasipoti ya Kenya ya mtoto wa mwaka mmoja, imelipiwa, na mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa raia wa Uingereza tangu siku aliyozaliwa. Nitaeleza.

Mwishoni mwa 2019 Bi Rehema akaanza kukusanya karatasi za kuomba uraia wa maeneo. Masharti yake kwa mgeni wa kawaida ni miaka mitano ya kuishi kwenye eneo, usiwe umekaa nje zaidi ya siku 450 kwa hiyo miaka mitano, na mwaka wa mwisho usizidi siku 90, tena mwaka huo wa mwisho uwe huna kikomo cha muda kwenye ukaazi wako. Kingereza au lugha rasmi ya hapo, tabia njema, na nia ya kuendelea kuishi huko. Alikuwa amekamilika kila kitu.

Februari 2020 mama yake mzazi akazidiwa Mombasa. Akapanda ndege. Tarehe 25 Machi Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti, na hata zilipofunguliwa njia ya kufika Karibi ilikuwa mtihani, akarudi kisiwani Septemba. Siku 90 zikawa zimepitwa mbali sana.

Hapo wakakaa kikao cha nyumbani. Sheria inaruhusu anayeamua kufumbia macho siku za ziada kama kuna sababu maalumu, na viwanja vya ndege kufungwa na serikali ni sababu kama zipo sababu duniani. Lakini Bi Rehema aliogopa. Ada hairudishwi, na mtu mmoja alimwambia ukikataliwa mara moja jina linachafuka. Akaamua kusubiri mwaka mzima mwingine hesabu isafike yenyewe. Kwa upande wake yeye kama mama haukuwa uamuzi mbaya, ni uamuzi wa mtu mwangalifu, na yeye binafsi haukumdhuru chochote zaidi ya muda.

Mwanzoni mwa 2021 kifungua mimba akatimiza miaka 18.

Mwishoni mwa 2021 mama akaomba, na katikati ya 2022 akaitwa kula kiapo, akapewa cheti, na baadaye pasipoti. Miezi michache mbele hospitali moja Uingereza ikampa ofa ya kazi. Akatuma picha ya pasipoti kwa watu wa ajira wakamjibu vizuri tu, wanaomba viza yake ya kazi. Ndipo akanitumia sauti ya Wasapu: "Kaka, mimi sielewi, pasipoti si imeandikwa British? Sasa wananidai viza ya nini tena?"

Nikamwambia, dada fungua ukurasa wa picha, shuka chini kabisa kwenye ile mistari miwili yenye alama za mshale, nisomee herufi tatu za uraia. Akasoma GBD. Raia wa Uingereza anaandikwa GBR. Na juu kwenye sehemu ya uraia imeandikwa kwa urefu British Overseas Territories Citizen. Alikuwa na hiyo pasipoti mkononi miezi na hakuna aliyemwambia, na simlaumu, karatasi inang'aa na ina nembo ya ufalme, nani ataenda kusoma mshale wa GBD.

Maamuzi na sababu zake

Kabla hatujaanza kazi ilibidi tumalize hadithi ya babu. Kuna ndugu yao yuko London alikuwa amewajaza kwamba babu alizaliwa Mombasa wakati wa Mwingereza, kwa hiyo wote ni Waingereza kwa damu, waombe kupitia babu na wasihangaike na visiwa. Hii nakutana nayo kila mara kwa watu wa pwani. Kuzaliwa Kenya wakati wa ukoloni hakukuwa kitu kimoja kwa wote. Bara ilikuwa Koloni, lakini Mwambao, ile maili kumi ya pwani, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar na Mwingereza ameukodi tu, ukaitwa Protektoreti. Mtu wa Protektoreti alikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, hakuwa raia wake. Na babu huyu wazazi wake pia walizaliwa pwani, kwa hiyo 12 Desemba 1963 akawa raia wa Kenya moja kwa moja na ule ulinzi ukaisha siku hiyo hiyo. Hakuna cha kurithi. Tukafunga.

Tukaanza na mama. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza aingie Uingereza kwa viza ya kazi ya sekta ya afya kama nesi yeyote kutoka Mombasa au Manila, ya haraka, lakini anaanza upya kuhesabu miaka. Ya pili ni kifungu 4A cha ile sheria ya 1981, kilichoingizwa na ile sheria ya 2002, kinachomruhusu raia wa maeneo kuomba kusajiliwa kuwa raia wa Uingereza. Kifungu hiki ni cha hiari ya waziri, siyo haki ya kudai, ila mtu mwenye rekodi safi kwa kawaida hana cha kuogopa. Nikamshauri 4A, na hospitali ikakubali kumsubiri. Kitu nilichokiangalia sana hapo ni tarehe ya ile ofa. Alipoomba uraia wa maeneo aliahidi kwamba nia yake ni kuishi maeneo hayo, kama ofa ingekuja kabla ya cheti tungekuwa na maswali magumu ya kujibu. Ilikuja baada, na imeli ilikuwa na tarehe, tukaiweka kwenye faili.

Kitinda mimba: huyu hakuhitaji kuomba uraia wowote. Tangu 21 Mei 2002 mtoto anayezaliwa kwenye eneo la ng'ambo anakuwa raia wa Uingereza kwa kuzaliwa kama siku hiyo mzazi mmoja ni raia wa Uingereza au ana makazi ya kudumu kwenye eneo hilo. Na kwa kipimo hicho hicho cha makazi anakuwa raia wa maeneo pia. Mama alikuwa na barua ya makazi ya 2017, mtoto kazaliwa 2018, mambo yameisha. Tukaambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya makazi tukaomba pasipoti tu. Angalia ajabu yake: mtoto mdogo kuliko wote alikuwa Mwingereza kamili miaka minne kabla ya mama yake kuwa hata raia wa maeneo. Ule ushauri wa "mama kwanza" haukujua kabisa kwamba jambo hilo linawezekana.

Wa kati: kazaliwa 2009, hakuna mzazi mwenye makazi wakati huo, kwa hiyo ile barua ya 2019 ya kumkatalia pasipoti ilikuwa sahihi. Lakini usahihi wake uliishia kwenye swali lililoulizwa. Kifungu 15(3) cha sheria hiyo hiyo ya 1981 kinasema aliyezaliwa kwenye eneo anastahili kusajiliwa kuwa raia wa maeneo kama akiwa bado hajafika 18 mzazi wake akawa raia wa maeneo au akapata makazi ya kudumu. Anastahili, siyo anaombewa huruma. Haki hiyo ilizaliwa 2017 na ikakaa kwenye droo miaka mitano. Halafu kulikuwa na mlango wa pili, 15(4), wa mtoto aliyezaliwa hapo na kuishi miaka kumi ya kwanza ya maisha yake bila kukaa nje zaidi ya siku 90 kwa mwaka wowote, na huo hauulizi mzazi ana nini. Huyu mtoto wa kati miaka yake kumi ilikamilika 2019, kabla hata ya korona. Tukachagua 15(3) kwa sababu ya ushahidi: kuonyesha barua moja ya makazi ni rahisi kuliko kukusanya rekodi za shule, kliniki na stempu za miaka kumi. Baada ya hapo 4A yake, ambayo haina sharti la umri.

Baba yeye hana tatizo la kusikitisha. Akitaka uraia wa maeneo kama mume wa raia wa maeneo masharti ni mepesi, miaka mitatu na siku 270 za kuwa nje. Ila kwa kuwa familia inahama tuliona ni bora aende Uingereza kwa viza ya mwenza.

Kifungua mimba nimemweka mwisho kwa sababu hata kwenye kikao tulikuwa tunamkwepa. Kazaliwa Mombasa, kwa hiyo 15(3) na 15(4) hazimhusu. Kwa mtoto kama yeye ipo 17(1), usajili wa hiari kwa yeyote aliye chini ya 18, popote alipozaliwa, na umri unaopimwa ni wa siku ya maombi kupokelewa, siyo siku ya uamuzi. Alikuwa na miaka 17 wakati mama yake amekwama Mombasa, na bado 17 wakati wa kile kikao cha nyumbani. Kama mama angeomba vuli ya 2020 akieleza habari ya ndege na kuambatisha maombi ya mtoto kwenye bahasha hiyo hiyo, mtoto angeingia kwa wakati hata kama jibu lingechukua mwaka. Alipofika 18 jina lake likatoka chini ya makazi ya mama, kisiwa kikampa kibali cha muda, na mwenye kibali cha muda hawezi kuomba uraia kama mtu mzima kwa sababu ya lile sharti la mwaka wa mwisho bila kikomo.

Tuliangalia na vifungu vipya vilivyoanza Juni 2022, 4L na mwenzake wa maeneo 17I, ambavyo vinamruhusu mtu mzima kusajiliwa kama angekuwa raia isipokuwa kwa dhuluma ya kihistoria, kosa la mamlaka ya umma, au hali ya kipekee. Kijana mwenyewe alikuwa na matumaini makubwa na hiki. Nikamwambia ukweli wangu: ndege zilimzuia mama yako kurudi, hazikumzuia mtu kukuombea wewe ulipokuwa na 17, na hilo ndilo swali la kwanza watakalouliza. Hakuna ofisi iliyokosea. Wakaamua kuiweka hela kwenye karo.

Matokeo

Kitinda mimba alipata pasipoti ya GBR kwanza kabla ya wote, bila swali hata moja. Mama alikubaliwa 4A ndani ya 2023. Kiapo chake cha kwanza cha 2022 alimwapia Malkia Elizabeth na cha pili Mfalme Charles, vyeti vyote viwili amevitundika ukutani na anapenda kuwaonyesha wageni. Wa kati akasajiliwa raia wa maeneo, kisha Mwingereza. Baba akapata viza ya mwenza wakati kiwango cha kipato bado ni pauni 18,600 kwa mwaka, kabla hakijapandishwa hadi 29,000 tarehe 11 Aprili 2024, hiyo ilikuwa bahati tu, hakuna aliyepanga.

Wanne wamehamia Uingereza. Kifungua mimba anasoma chuo Nairobi. Uingereza anaingia kwa viza ya kutembelea, na mwaka jana alijaza fomu ya viza kwenda kuwaona wadogo zake wawili ambao ni raia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuwatenganisha. Tulipoacha kusema "familia" na kuanza kuandika karatasi moja kwa kila mtu, kazaliwa wapi, siku hiyo mama ana nini mkononi, baba ana nini, majibu yalijitokeza kwa jioni moja. Sheria hii haijui familia, inajua mtu, mahali na tarehe. Barua ya makazi ya kudumu ya 2017 ndiyo iliyokuwa karatasi ya thamani kuliko zote kwenye bahasha ile, kuliko hata cheti cha uraia cha mama, kwa sababu ilimpa mmoja uraia wa kuzaliwa na mwingine haki ya kusajiliwa. Na walikuwa wanaitumia kama kifuniko cha faili la bili za umeme, sitanii.

Kilichofeli cha kwanza ni ile barua ya 2019. Ilijibu kwamba mtoto si raia, familia wakasikia kwamba mtoto hawezi kuwa raia. Ukipata barua ya namna hiyo usiishie kwenye hasira, uliza swali linalofuata: kama si raia sasa, anastahili kusajiliwa? Na usichukue jibu la mtoto mmoja ukampa mwenzake, hata kama wamezaliwa wodi moja na mkunga mmoja.

Cha pili ni huko kusubiri kwa 2020. Nimelifikiria sana hili na bado nadhani kwa mama peke yake kusubiri kulikuwa sawa, wengine kwenye kazi hii hawakubaliani na mimi, wanasema na korona ile angeomba tu. Tatizo ni kwamba kwenye kile kikao walikuwa wanapima hatari ya mama kukataliwa, ambayo inarekebishika, unaomba tena mwakani. Umri wa mtoto haurekebishiki. Hakuna aliyeandika kwenye karatasi tarehe ya kijana kutimiza 18. Mimi sasa hivi nikipokea faili la familia kitu cha kwanza naandika juu kabisa ya ukurasa ni tarehe ya miaka 18 ya kila mtoto, kabla hata ya jina la mzazi.

Kuna na suala la wajukuu ambalo watu hulisahau kwa furaha ya pasipoti. Uraia wa Uingereza una aina mbili, wa asili na wa kurithi, na mwenye wa kurithi kwa kawaida hawezi kumpitishia moja kwa moja mtoto atakayezaliwa nje. Mama, wa kati na kitinda mimba wote wako kwenye aina ya asili: mama kwa sababu uraia wake wa maeneo aliupata kwa kuomba na siyo kwa kurithi, wawili kwa sababu walizaliwa pale pale kisiwani. Kesho kutwa kitinda mimba akiolewa Mombasa akazalia huko, mtoto wake atakuwa Mwingereza wa kurithi, na mnyororo utakatika hapo kama hawatarudi kuishi Uingereza.

Upande wa Kenya hawakupoteza kitu. Tangu katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 Mkenya wa kuzaliwa akichukua uraia mwingine habanduki, na watoto waliozaliwa Karibi ni Wakenya wa kuzaliwa kwa sababu ya wazazi. Kilichobaki ni kutoa taarifa ya kuwa na uraia pacha ndani ya miezi mitatu, na Bi Rehema hakuwa anajua kabisa kwamba kuna jambo hilo, alifikiri ni la wanasiasa. Kama angekuwa mtu wa Tanga badala ya Mombasa tungekuwa na mazungumzo tofauti kabla hajala kiapo hata kile cha kwanza, kwa sababu sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamvua mtu mzima uraia akichukua wa nchi nyingine kwa hiari yake, na uraia wa maeneo ni uraia mwingine, hata kama haukupi haki ya kuishi popote. Hapo ndipo mtu anaweza kuuza Utanzania wake akapata GBD.